Mwaka Niliong'oa Mianzi

Mama Atu tulimzika Jumanne, kule Mbeya, mvua ikinyesha ile ya kwao isiyochoka. Nilikuwa nimevaa viatu vya mjukuu wangu Neema, maana vyangu viliganda kwenye tope la makaburini nikaviacha hukohuko. Tumerudi, tumekaa chini ya turubai tunangoja chakula, binti wa marehemu, Atupele, akasimama kueleza maisha ya mama yake. Akaeleza alivyoanzisha kilabu cha pombe kwa mapipa mawili, alivyosomesha watoto wanne, halafu akaninyooshea kidole. "Na yule bibi pale, mwenye kitenge cha kijani, ndiye aliyeifungisha sheria ndoa kabla ya mahari." Watu wazima wakacheka, na mchungaji naye. Nikacheka na mimi, kwa sababu Mama Atu mwenyewe angecheka kuliko wote. Neema tu ndiye hakucheka. Akaniinamia. "Bibi, hiyo habari gani?" Nikamwambia nitaiandika, nikiisimulia hapa nitalia watu wafikiri ni msiba. Akasema, bibi, huu ni msiba. Basi ndiyo hii. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi anirekebishie. Maneno asiguse.

Huyu Neema anafanya kazi Bungeni, Dodoma. Si mbunge, msije mkasema bibi anajikweza. Ni karani wa kamati. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, Spika akisema uende kwenye kamati fulani, kina Neema ndio wanaoupokea, wanaita watu waje kusema, wanaandika walichosema. Kijijini nimemwambia kila mtu, hata asiyeuliza. Mwenye duka la dawa nimemwambia mara nne, mara ya tano akaniwahi: "Najua, bibi, ni karani wa kamati." Lakini miaka yote hiyo ya kujivuna sikuwahi kumwambia Neema kwamba mimi na kamati tunafahamiana tangu mama yake yuko mgongoni. Nilinyamaza kwa aibu, na pia kwa sababu mpaka leo jambo lenyewe sijalielewa vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ya utoto nayaacha, hayana tofauti na ya mtu mwingine wa Mufindi: baridi, mahindi, kuni. Naanzia kwenye mianzi. Nilipoolewa, mama mkwe alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha mashina thelathini ya mianzi ya ulanzi, mazito, yamefungana mpaka mbwa hapiti. Akasema, "Nyumba ni ya mwanangu. Ng'ombe ni wa baba mkwe wako. Hii mianzi ni yako, Yudita." Hapakuwa na karatasi. Ila alisema mbele ya mume wangu, na mume wangu hakukohoa. Ndicho kitu cha kwanza duniani kuitwa changu. Asiyejua ulanzi nimweleze kidogo: mvua zikianza, mwanzi unachomoa mche, unaukata ncha, unaufunga kikombe cha mwanzi tunachokiita mbeta, maji matamu yanadondokea humo. Asubuhi unakata tena kidogo, mchana tena, jioni tena. Siku ya kwanza ni kinywaji cha watoto. Siku ya tatu ni cha baba zao.

Mwaka huo tulikubaliana na mume wangu yeye ageme, mimi nikauze Mbeya, maana kwetu kila nyumba ina ulanzi, nani atanunua? Mapipa yalipakiwa kwenye lori pale Nyololo barabarani, mimi nikapanda mbele na Tumaini, mama yake Neema, mgongoni. Dereva alikuwa anasema ulanzi wangu unapanda lori ukiwa mtoto unashuka Mbeya ukiwa mzee wa hasira. Nilifikia kwa Mama Atu kwa kuelekezwa na watu. Sikwenda mikono mitupu: nilimbebea shina moja dogo la mwanzi na mizizi yake, nimelifunga kwenye gunia bichi. Akaligeuza, akalinusa. "Mwanangu, mgeni analeta kuku. Wewe umeleta kuni?" Lakini alilipanda nyuma ya choo siku hiyohiyo, akasema ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana, ya kwao Wanyakyusa. Na mimi nikamfundisha kuitikia kamwene, salamu yetu Wahehe.

Chumba alichonipa kilikuwa nyuma ya kilabu. Kitanda kimoja cha kamba, ndoo, na dirisha ambalo si dirisha, ni tofali lililotolewa. Ukuta wangu ndio ukuta waliouegemea wanywaji, upande wa pili kulikuwa na benchi. Mtu akicheka, ukuta unacheka. Mtu akijikuna mgongo, chokaa inanidondokea kwenye uji wa Tumaini. Chakula kilikuwa ndizi. Ndizi na maharage, ndizi na usipa, ndizi na ndizi. Siku ya kumi nikamwomba Mama Atu unga nisonge ugali, akaniangalia kama nimeomba udongo. "Mhehe huyu! Ndizi zimekukosea nini?" Nikamwambia hazijanikosea, ila sijui kama nimekula au bado. Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mchana ulikuwa wa ugali, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kunawa.

Kupitia ukuta ule nilisikia mambo ya dunia nzima: nani amerudi kutoka Chunya na dhahabu na nani amerudi na kikohozi, mke wa nani amehama, bei ya mbolea. Mkubwa wa benchi alikuwa mwalimu mstaafu, tukimwita Mwalimu tu. Yeye alikuwa na gazeti. Alikuwa analisoma kwa sauti kuanzia juu mpaka matangazo ya vifo, na akimaliza analikunja na kulikalia ili asiibiwe. Siku moja ya Ijumaa, mchana, ninamimina ulanzi kwenye madumu, nikamsikia: muswada wa sheria ya kudhibiti pombe za kienyeji umesomwa bungeni kwa mara ya kwanza, na Spika ameupeleka kwenye kamati. Nikaacha dumu likafurika.

"Kudhibiti ndiyo nini?" mmoja akauliza.

"Ni kukataza kwa adabu," Mwalimu akasema.

"Na kusomwa mara ya kwanza?"

"Imeandikwa hivyo. Umesomwa."

"Wameusoma wote?"

"Hapa inasema wamesoma jina lake tu."

"Jina tu! Halafu wakaupeleka? Sasa wanapeleka nini?"

Mwalimu akakunja gazeti akalikalia. Ndipo mimi, mtoto wa darasa la nne, mwenye mkono umelowa ulanzi mpaka kwenye kiwiko, nikatoka nje nikawaeleza. Nilijua. Nilijua kabisa, hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba sikubahatisha. Nikawaambia, jamani, kwani ninyi hamjaoa kanisani? Ndoa inatangazwa mara tatu. Jumapili ya kwanza mchungaji anasoma majina tu, hasomi habari za mtu. Anasema mwenye pingamizi aende kwa wazee wa kanisa. Hiyo ndiyo kamati. Jumapili ya pili anasoma tena. Ya tatu anasoma tena. Ikipita ya tatu hakuna aliyekwenda kwa wazee, wamefungwa, umechelewa, kanywe chai nyumbani kwako.

Wakaniangalia. Mama Atu alikuwa mlangoni na mwiko. "Umeyajulia wapi haya?" Nikamwambia kwenye mwili wangu. Maana ndoa yangu mimi Jumapili ya pili ilipingwa. Mwanamke mmoja alisimama katikati ya ibada akasema bwana harusi alimwahidi yeye kwanza. Wazee wakamwita ofisini, wakamwita mume wangu, wakaniita mimi, tukaulizwa mpaka jua likazama, na Jumapili ya tatu majina yetu yakasomwa kama kawaida, yule dada amekaa mbele na kofia mpya. Sasa mtu aliyepita humo utamwambia nini kuhusu kusomwa mara tatu? Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. "Ina mantiki," akasema. Akisema mwalimu ina mantiki, nani wa kubisha?

Basi nikaanza kuhesabu. Jumapili ya kwanza nikawauliza nani atakwenda kwa hao wazee wa kamati kuweka pingamizi. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Dodoma ni mbali, nauli hakuna, na utasema nini, kwamba unapenda pombe? Jumapili ya pili dereva wa lori akaleta yake: amesikia Makambako kwamba sheria ikipita, atakayekutwa na mianzi nyuma ya nyumba atachukuliwa yeye na mianzi yake. Mashina yangu yalikuwa thelathini. Nilikuwa nayaona nikifumba macho, yamesimama pale nyuma ya nyumba yananitaja jina. Jumapili ya tatu sikwenda kanisani. Nilikaa kitandani na redio ya Mama Atu sikioni. Ilipiga kwaya, ikasoma hali ya hewa. Kuhusu muswada haikusema neno, na mimi hilo nikalichukua kuwa ndilo jibu lenyewe. Hakuna aliyepinga.

Jumatatu nikafunga mzigo. Mama Atu alinikuta nimeshika jembe lake, nataka nimsaidie kung'oa lile shina la nyuma ya choo kabla sijaondoka. Likikutwa, nikamwambia, watasema wewe ndiye mgema.

"Liache."

"Mama, imepita. Imesomwa mara tatu."

"Umeisikia ikisomwa?"

"Nimehesabu."

"Wewe umehesabu Jumapili, mwanangu. Hujahesabu sheria." Akaninyang'anya jembe. "Shina ni langu, ulinipa. Serikali ikija itanikuta nimekaa chini yake nachambua maharage. Na wewe subiri. Kwani ukisubiri unapungukiwa nini?"

Nilimwona mwanamke mkaidi wa Rungwe asiyejua mambo. Nikapanda lori.

Mume wangu nilimkuta juu ya ngazi anakata miche, jioni ile yenye ukungu, mbeta zimening'inia kila mahali. Nikamwambia imesomwa mara tatu. Akashuka. Angeniuliza swali moja tu, nani kakuambia, labda ningesita. Hakuuliza. Alinitazama, akamtazama Tumaini, akaenda kuchukua panga na sururu. Mwanzi ukiukata tu unakucheka, mvua ikija unachipua. Ukitaka uishe lazima uung'oe na shina, na shina la mwanzi limeshikana na ardhi kama vidole vya mtu aliyekamata nguo. Siku ya kwanza tuling'oa matatu. Siku ya pili mikono yangu haikukunjika. Mama mkwe alitoka akasimama na fimbo yake, akatuangalia tangu asubuhi hadi chakula. Halafu akasema, "Hii ilipandwa na mama yangu," akarudi ndani. Tuliendelea. Ulanzi uliokuwa kwenye mbeta tuliumwaga, nguruwe wa jirani wakalewa wakalala njiani, watoto wakaenda kuwacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Siku ya sita tulikuwa tumeng'oa mashina kumi na saba.

Siku ya saba akaja mtendaji wa kijiji na karatasi. Nikasema ndio hao wamefika, nikajipangusa mikono nimwonyeshe kwamba tumekwisha kutii. Akasoma: wajumbe wa kamati ya Bunge wanapita mikoani kusikiliza maoni ya wadau kuhusu muswada wa pombe za kienyeji, kijiji kitoe mgema mmoja aende Iringa mjini. Nikamwuliza maoni ya nini tena na imeshapita? Akaniangalia, akaangalia mashimo. "Mama Tumaini," akasema, "mnafanya nini hapa?"

Nilikwenda mimi. Kijiji kilisema nina mdomo. Ukumbi ulikuwa na viti vya kijani, chupa za maji mezani ambazo hakuna aliyezigusa, na wajumbe wamekaa upande mmoja kama wanaotaka kupigwa picha. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Waliongea watu wa afya, wakaongea watu wa biashara, maneno marefu, kila neno na mkia. Ikafika zamu yangu.

"Jitambulishe, mama."

"Naitwa Yudita, natoka Mufindi. Nilikuwa mgema."

"Ulikuwa? Umeacha?"

"Si mmepitisha?"

Wakatazamana. "Muswada haujapita, mama. Umesomwa mara ya kwanza. Ndiyo tumeletewa sisi tuuchambue, na tunawasikiliza ninyi."

"Na mara ya pili mliusoma lini?"

"Bado. Sisi tukimaliza ndipo utarudi usomwe mara ya pili, na hapo ndipo wabunge wataujadili. Halafu ya tatu."

"Kwa hiyo hamjafunga?"

"Hatujafunga nini, mama?"

Nikawaeleza. Matangazo, wazee wa kanisa, Jumapili tatu, mashina kumi na saba. Ukumbi ulianza kucheka nilipofika kwa wazee wa kanisa, ukaacha wenyewe nilipofika kwenye sururu. Mwenyekiti akavua miwani. Akasema kwa sauti ya chini, pole sana, mama, akaniuliza sasa nina maoni gani. Nilikuwa nimeandaa maoni mazuri tangu nyumbani, kwamba ulanzi umesomesha watoto, umejenga nyumba, ulanzi hauui mtu akiunywa kwa kiasi. Yote yalinitoka kichwani. Nikasema: "Mchungaji akisoma majina, anayesomwa yupo pale kwenye benchi, anasikia. Ninyi mmetusoma hatupo. Mimi nimesikia kupitia ukuta. Kama mnasoma mtu, mwiteni." Nikakaa. Karani mmoja kijana alikuwa ananiandika. Nikaona kalamu yake imesimama, kisha ikaendelea.

Hapo ndipo ningetaka kuwaambia jinsi ilivyokwisha, na sijui. Nilirudi nyumbani, tukafunga mbeta kwenye mashina kumi na matatu yaliyobaki. Asubuhi mume wangu ananiuliza, tugeme au tusigeme? Namwambia gema. Jioni ananiuliza tena. Mwaka ukaisha nasikiliza redio kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Muswada sikuusikia tena, si wa pili wala wa tatu. Je, pingamizi langu lilikubaliwa? Lilisahaulika? Au waliusoma siku betri zimeisha? Nilikuwa nakaa nyuma ya nyumba natazama yale mashimo kumi na saba yamejaa maji ya mvua, sijui kama nimeokoa mianzi ya watu au nimeua yangu bure, au yote mawili. Mama mkwe alikaa mwezi mzima ndipo akaninong'oneza, "Yaliyobaki bado ni yako." Sijawahi kulala nikilia kama siku ile.

Nilipomaliza kumweleza Neema sehemu hii, kwenye basi tukitoka kuzika, tulikuwa tumeshapita Makambako. Akasema, "Bibi, kuna muswada unaingia kamatini hautoki. Aliyeuleta anauondoa mwenyewe. Au Bunge linafika mwisho wa muda wake, na muswada unakufa nalo."

"Unakufa?"

"Ndiyo."

"Na watu hawaambiwi? Hakuna matanga?"

Akacheka, halafu akaacha. Akasema atatafuta kwenye kumbukumbu, huenda jina langu lipo, wadau huwa wanaandikwa. Nikamwambia sina haraka. Kusema kweli naogopa akilikuta, na naogopa asipolikuta.

Kuna kitu kilikuwa miguuni petu humo kwenye basi. Asubuhi ya kuondoka Atupele alinipeleka nyuma, choo kile hakipo tena, lakini lile shina la kuni nililomletea Mama Atu limekuwa msitu. Limekula ukuta wa jirani. Benchi lilikuwa chini yake, limelainika katikati pale alipokuwa akikaa. Atupele akasema mama aliagiza kwamba siku nikija kumzika nipewe kipande, na kwamba niambiwe hivi: serikali haijafika bado. Akachimba mwenyewe, akakifunga kwenye gunia bichi.

Jana tumekipanda, mimi na Neema, upande ule wenye mashimo. Akaniuliza kitachukua muda gani mpaka kugemwa, nikamwambia miaka minne, mitano, mimi sitaunywa, ataunywa yeye na wenziwe wa kamati. Akasimama na jembe, akafikiri, wasomi wanavyofikiri, akasema, "Bibi, una hakika siku hizi hakuna sheria inayokataza?"

"Wewe ndiye wa Bungeni," nikamwambia. "Unaniuliza mimi?"

"Sijui," akasema. "Labda nipige simu niulize."

"Uliza," nikamwambia. Nikamchukulia jembe mkononi, nikaanza kuchimba.